Mcheza Hawi Kiwete? Mwalimu wa Ngoma na Funzo kwa Walimu wa Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mcheza hawi kiwete, ngoma yataka matao. Methali hii nimeikariri tangu shule ya msingi, nikaieleza katika mitihani, nikapata alama zangu, na kamwe sikuwahi kuitilia shaka. Maana yake niliifahamu hivi: anayetaka kuingia katika jambo sharti awe na uwezo wa jambo hilo, asiye na matao na akae kando awapishe wenye nayo. Leo nathubutu kuandika kwamba methali hii, ikichukuliwa jinsi tunavyoichukua wengi wetu, imetudhuru sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili. Imetufanya tuamini kuwa mtu huingia uwanjani baada ya kujua kucheza, ilhali ukweli ni kwamba mtu hujua kucheza baada ya kuingia uwanjani.

Aliyenizindua kuhusu jambo hili hakuwa mhadhiri wala mwanaisimu. Alikuwa mwalimu wa ngoma. Makala haya hayakusudii kuichambua ngoma kama mtaalamu wa muziki anavyoichambua. Nakusudia kueleza jinsi mwalimu huyo alivyowafunza na kuwakuza wanafunzi wake, kisha niulize, mbele ya wanachama wenzangu na wahadhiri wetu, kwa nini sisi tuliokabidhiwa Kiswahili tunashindwa kufanya vivyo hivyo.

Kicheko kilichofunga mlango

Kabla ya kumsifu mwalimu huyo, sina budi kuanza na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mwaka wa pili, nilikuwa miongoni mwa viongozi wa chama cha Kiswahili. Jioni moja tuliandaa mdahalo, na kijana wa mwaka wa kwanza akasimama kuchangia. Hoja yake ilikuwa nzuri. Naikumbuka hadi leo. Alikuwa akisema kwamba lugha ya mama haiui Kiswahili bali hukilisha. Lakini katika sentensi yake ya pili alisema "kitabu yangu", na katika ya tatu akasema "maneno mingi". Mimi, niliyekuwa nimeketi kwenye meza ya mbele, nikacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa. Kilikuwa kicheko cha puani cha mtu anayejiona bawabu wa lango la sarufi. Hata hivyo, ukumbi mzima ulinifuata. Kijana akasita, akatabasamu kwa haya, akaketi kabla ya kumaliza hoja yake.

Hakurudi tena chamani. Mwaka uliofuata nilikutana naye kwenye ngazi za maktaba, nikamwamkia kwa Kiswahili. Aliniitikia kwa Kiingereza, kwa heshima zote, akapita. Nilisikia baadaye kwamba alikuwa ameacha somo la Kiswahili na kuchukua jingine. Sikumwomba radhi siku hiyo, kwa kuwa sikuwa nimetambua bado kwamba nina deni. Nililitambua nilipokwenda katika mazoezi ya kufundisha.

Alasiri katika uwanja wa shule

Shule niliyopelekwa iko katika Kaunti ya Kakamega, katika eneo la Waisukha na Waidakho. Hawa ndio wenyeji wa isukuti, ngoma inayochezwa kwa ngoma tatu, yaani kubwa, ya wastani na ndogo, zikiandamana na pembe ya swala na njuga za chuma. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura, kwa sababu wajuzi wake wengi wamekuwa wazee na warithi wao ni wachache. Kwa hiyo, anayewafundisha vijana isukuti hafanyi mchezo wa kupitisha wakati. Anashika kamba ambayo ikimponyoka huenda isiokotwe tena.

Mwalimu ninayemzungumzia alifundisha Jiografia asubuhi na isukuti alasiri. Hakuwa na cheti cha muziki. Ngoma aliirithi kwao. Muhula huo shule ilikuwa ikijiandaa kwa Tamasha la Muziki la Kenya, tamasha ambalo asili yake ni mwaka 1927 na ambalo huwapandisha wanafunzi ngazi kwa ngazi hadi kufikia taifa. Mimi nilikuwa mgeni, sikuwa na la kufanya baada ya vipindi, nikawa naketi chini ya mti nikisahihisha insha huku nikitazama.

Siku ya kwanza walijitokeza wanafunzi zaidi ya 40. Nilitarajia awachuje. Hakumchuja hata mmoja. Aliwaketisha chini, akawaambia wapigaji wapige, na kwa muda mrefu hakuna aliyeruhusiwa kusimama. Walisikiliza ngoma ndogo peke yake, kisha ya wastani, kisha kubwa, hatimaye zote tatu kwa pamoja. Baadaye wakaiga milio yake kwa midomo. Siku ya pili viganja vikaingia. Miguu ikafuata, ikitembea tu, bila madoido. Mabega, ambayo ndiyo fahari ya mchezaji wa isukuti, yaliongezwa wiki ya pili, na wimbo ukaja mwisho, wakati ambapo mwili ulikuwa umekwisha kuijua njia. Nilipomuuliza kwa nini anakwenda polepole hivyo ilhali tamasha limekaribia, alinijibu, "Mwalimu, ukimpa mtu mabega kabla ya sikio, atatikisika. Hatacheza."

Jambo lililonishangaza zaidi ni jinsi alivyoyashughulikia makosa. Mwanafunzi akikosea hatua, ngoma haikunyamaza. Mwalimu aliingia mstarini, akasimama kando ya aliyekosea, akaicheza hatua ileile kwa ukubwa zaidi, bila kumkazia macho wala kumtaja jina. Aghalabu mguu wa mwanafunzi ulijirekebisha kwa kuufuata wa mwalimu. Kosa likiendelea, aliwaashiria wapigaji wapunguze kasi, kikosi kizima kikaicheza hatua hiyo taratibu, na hakuna aliyejua ni nani aliyesababisha. Aliyekosea alijijua, na hilo lilitosha. Minong'ono ya kubezana ndiyo aliyoikemea, tena kwa ukali ambao sikuwahi kumwona akiuelekeza kwa kosa la hatua.

Kulikuwa na mvulana mmoja ambaye goti lake la kushoto halikukunjika vizuri kwa sababu ya ajali ya zamani. Methali yetu ilikuwa imekwisha kumhukumu. Mwenzangu mmoja wa mazoezi ya kufundisha alipendekeza, kwa nia njema kabisa, kwamba mvulana huyo apewe njuga asimame pembeni na wapigaji. Mwalimu hakukubali mara moja. Alimwuliza mvulana mwenyewe anataka nini, naye akasema anataka kucheza. Basi akamweka katika ncha ya ndani ya mstari. Mstari wa wachezaji unapozunguka mfano wa mkono wa saa, aliye katika ncha ya nje hukimbia, na aliye katika ncha ya ndani hupiga hatua ndogondogo papo hapo. Mvulana yule akawa mhimili ambao wenzake wote waliuzunguka, na mabega yake, ambayo hayakuwa na ila yoyote, yakaonekana kuliko ya mtu mwingine. Matao ambayo ngoma iliyataka alikuwa nayo tangu hapo. Kilichokuwa kimekosekana ni mtu wa kuupanga mstari.

Isitoshe, kila wiki mwanzishaji wa wimbo alibadilishwa. Miongoni mwa walioanzisha alikuwamo msichana wa kidato cha pili ambaye darasani mwangu hakufungua kinywa. Nilimjua kwa insha zake tu, ambazo nilizirudisha zikiwa nyekundu kana kwamba kuku amechinjiwa juu yake. Siku aliyokabidhiwa wimbo alianza kwa sauti nyembamba ya woga. Mwalimu akainua mkono, kikosi kikamwitikia kwa nguvu kana kwamba naye ameimba kwa nguvu, na kufikia ubeti wa tatu sauti yake ilikuwa imelingana na kiitikio alichopewa. Wakati huo mwalimu alikuwa amesimama nyuma kabisa. Wiki ya mwisho aliondoka uwanjani kwa dakika 10 au 15 kila siku, akarudi kimya kimya, na ngoma ilikuwa ikiendelea.

Kikosi hicho hakikuvuka ngazi ya kaunti. Jioni ya kurudi kwao nilikwenda kumpa pole mwalimu, nikamkuta amesimama ubarazani akitazama uwanja. Wanafunzi walikuwa wanacheza tena, wakiwa katika sare zao za kila siku, bila kuamrishwa na mtu, na waliokuwa wakitazama walikuwa wakiingia mmoja mmoja. Aliniambia, "Kombe hukaa kabatini, Mwalimu. Hawa watacheza katika harusi za kwao." Nilirudi chini ya mti wangu na rundo la insha, na nikamkumbuka yule kijana wa ngazi za maktaba.

Mambo matatu aliyoyajua mwalimu wa ngoma

Nikiyatafakari niliyoyaona, nayaweka katika mafungu matatu, na kila fungu lina swali kwetu sisi.

Kwanza, mwalimu wa ngoma humwingiza mwanafunzi uwanjani kabla hajakamilika. Hamwambii aelewe kwanza, acheze baadaye. Humpa sehemu ndogo ya ngoma ya kweli, na mwanafunzi huicheza sehemu hiyo pamoja na wenzake tangu siku ya kwanza. Je, sisi tunafanya nini? Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mwanafunzi aliyefika chuo kikuu kupitia mfumo huo amekisoma kwa miaka 12. Hata hivyo, wengi wetu tulifika hapa tukiwa tunaweza kuziorodhesha ngeli zote na mifano yake, ilhali hatuwezi kusimama kwa dakika 5 mbele ya watu tukazungumza bila kutetemeka. Tulifundishwa habari za Kiswahili. Kukizungumza kuliachwa kwa siku nyingine ambayo haikufika. Paulo Freire wa Brazili, katika kitabu chake Pedagogy of the Oppressed kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1970, alifananisha elimu ya namna hii na kuweka fedha benki: mwalimu huweka, mwanafunzi hupokea na kutunza. Mwalimu wa ngoma hawezi kufundisha hivyo hata akitaka, kwani hatua iliyotunzwa kichwani pasi na kuchezwa si hatua.

Pili, mwalimu wa ngoma husahihisha ndani ya mdundo. Ngoma hainyamazi ili kosa litangazwe. Nasi katika lugha tunaweza kufanya hivyo bila gharama yoyote. Mwanafunzi akisema, "Kitabu yangu imepotea," mwalimu anaweza kumkatiza na kumtaka ataje ngeli ya neno kitabu mbele ya darasa zima. Anaweza pia kumjibu, "Kitabu chako kimepotea wapi?" Katika jibu hili la pili mazungumzo yanaendelea, na umbo sahihi limechezwa kando yake kwa ukubwa ili alifuate. Mara nyingi atajibu, "Kimepotea darasani," na hatajua kwamba amefundishwa. Asipoufuata upatanisho huo, kuna zoezi la darasa zima litakalorudiwa kesho bila kumtaja.

Hapa ni vyema tukumbuke jambo ambalo sisi wanaisimu wachanga hatuna udhuru wa kulisahau. Anayesema "kitabu yangu" na "maneno mingi" hasemi ovyo. Katika Kiswahili cha mitaani cha bara ya Kenya, upatanisho wa ngeli ya I-ZI umetanda juu ya majina ya ngeli nyingine, na anayekua katika mazungumzo hayo huufuata kwa uthabiti. Kijana niliyemcheka alikuwa akicheza kwa mdundo, ila ulikuwa mdundo wa uwanja mwingine. Kazi yangu ilikuwa kumsikilizisha mdundo wa uwanja huu, maana huwezi kumpa mtu mabega kabla ya sikio. Mimi nilimcheka kwa sababu sikio lake lilitoka kwao.

Tatu, mwalimu wa ngoma hukabidhi uongozi. Hatua yake ya mwisho ni kurudi nyuma. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuanzisha wimbo hajui bado kama anaujua. Tujiulize basi ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili humaliza miaka minne bila kuongoza mdahalo hata mmoja, bila kuhariri ukurasa hata mmoja wa jarida, bila kutoa mhadhara mfupi mbele ya wenzao. Vyama vyetu aghalabu huwa na watu watano wanaozungumza na umati unaopiga makofi. Watano hao hufuzu wakiwa mahiri, na umati hufuzu ukiwa na viganja vyekundu.

Mafunzo haya ni yetu tangu jadi

Yamkini kuna atakayesema kwamba hizi ni mbinu za kigeni za walimu wa siku hizi. La hasha. Lugha yenyewe inashuhudia. Neno ngoma kwetu ni ala, ni uchezaji, na ni shughuli nzima inayowakusanya watu. Hatukumtenga mpigaji, mchezaji na mwenye sherehe katika maneno matatu. Neno somo nalo ni funzo linalotolewa darasani, lakini katika mila za pwani somo ni mtu pia, yaani mwanamke anayemfunda mwali na kumwongoza hadi aingie katika utu uzima. Mafunzo hayo yalikwenda sambamba na nyimbo na ngoma. Waliotutangulia waliona kwamba funzo na mtu anayelitoa havitengani. Mwali hakukabidhiwa maandishi ayasome. Alikabidhiwa mtu wa kumwandama.

Hata suala la uongozi si geni. Katika vyama vya lelemama vya Mombasa, ambavyo Margaret Strobel alivitafiti katika kitabu chake Muslim Women in Mombasa, 1890-1975 kilichochapishwa mwaka 1979, wanawake walicheza kwa mashindano, na vyama hivyo vilikuwa na vyeo vyake. Nafasi za uongozi ambazo hawakuzipata katika baraza za wanaume walizipata katika ngoma. Waliingia kucheza na humo humo wakajifunza kuongoza.

Mfano mwingine unatoka Limuru. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamirithu, wakishirikiana na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, waliuigiza mchezo wa Ngaahika Ndeenda katika uwanja wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alieleza katika Decolonising the Mind (1986) kwamba mazoezi yalifanywa hadharani. Wanakijiji walikuja kutazama, wakasahihisha nyimbo na ngoma pale zilipokosewa, na wakashuhudia kwa macho yao jinsi watu ambao mwanzoni hawakuweza hata kuisogeza miguu jukwaani walivyokua hadi wakacheza na kunena kama waliozaliwa humo. Kufichua udhaifu wa waigizaji mbele ya watu hakukuwavunja moyo, kwa sababu waliokuwa wakitazama walitaka mchezo ufaulu. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo mwezi Novemba mwaka uo huo, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Utawala uliokuwapo uliona kwamba watu waliojifunza kwa namna ile walikuwa wamekua kupita kiasi ulichokitaka.

Tofauti kati ya uwanja wa Kamirithu na ukumbi wetu wa mdahalo ni nini? Pale, kosa lilionekana na watu wakasogea karibu. Hapa, kosa lilisikika na mimi nikacheka.

Je, usanifu utupwe?

Nawasikia wakereketwa wa usanifu wakiuliza iwapo ninataka makosa yaachwe yaenee kama magugu. Swali hili ni la haki, nami nimo miongoni mwa wakereketwa hao. Jibu langu ni kwamba mwalimu wa ngoma ni mkali kuliko sisi. Nilimwona akirudisha hatua moja alasiri nzima hadi jua likatua, kwa sababu kisigino kilikuwa kikitangulia pale ambapo kidole kilipaswa kutangulia. Hakulegeza kanuni hata moja ya isukuti. Tofauti ni kwamba ukali wake uliielekea hatua. Ukali wetu mara nyingi humwelekea mtu, na mtu anayejikinga hana nafasi ya kujifunza. Mwanafunzi anayeogopa kuchekwa hujifunza jambo moja tu kwa ukamilifu, nalo ni kunyamaza. Ukimya hauna makosa ya upatanisho wa kisarufi, lakini haujawahi kuikuza lugha.

Wala sitaki nionekane ninaipaka ngoma asali. Wapo walimu wa ngoma wanaofunza kwa fimbo. Wapo wanaoteua wachezaji bora siku ya kwanza na kuwarudisha wengine darasani, kwa kuwa macho yao yako kwenye kombe. Hata mila zetu za jando na unyago zilikuwa na ukatili ambao hatuna haja ya kuurithi. Sisemi kwamba kila anayefundisha ngoma ni mwalimu bora. Nasema kwamba ngoma, kwa jinsi ilivyo, humrahisishia mwalimu bora kazi yake, kwani haiwezekani kuifundisha pasi na kuusogeza mwili wa mwanafunzi. Sisi wa lugha tuna hatari zaidi ya kujidanganya, maana tunaweza kuzungumza saa mbili mfululizo, mwanafunzi akaandika saa mbili mfululizo, na tukaita kazi hiyo ufundishaji.

Pingamizi la pili ni la idadi. Wahadhiri wetu hukabiliana na kumbi zilizofurika, na si rahisi kumwendea kila mmoja mstarini. Hili nalikubali. Lakini hata mwalimu yule hakuwafikia wanafunzi wake wote kila siku. Aliwapanga aliyeshika hatua kando ya asiyeshika, akabadilisha safu ya mbele na ya nyuma kila siku ili asiwepo mwenye makao ya kudumu nyuma. Vikundi vya watu watano watano vinavyozungumza Kiswahili kwa dakika 15 katika kila mhadhara vinawezekana hata katika ukumbi wa mamia.

Tufanye nini?

Nina mapendekezo machache, na naanza na sisi wanachama. Mosi, katika midahalo yetu iwe mwiko kumcheka au kumkatiza mzungumzaji kwa sababu ya sarufi. Mwishoni mwa kikao, mwanachama mmoja aliyeteuliwa atoe maelezo ya makosa matatu au manne yaliyosikika, bila kumtaja aliyeyafanya, na wote tuyarudie maumbo sahihi. Pili, uenyekiti wa vikao uzunguke, na kila mwanachama wa mwaka wa kwanza aongoze walau kikao kimoja kabla ya mwaka kwisha, huku viongozi wa zamani wakiketi nyuma.

Kwa wahadhiri wetu, naomba kwa unyenyekevu kwamba fasihi simulizi irudishwe uwanjani. Tunajifunza nyiso, hodiya na bembea kama orodha ya istilahi, tunazitolea sifa sita sita, na wengi wetu hatujawahi kuimba hata moja. Mwanafunzi aliyepewa kazi ya kwenda kwao, kujifunza ngoma moja kutoka kwa mzee mmoja, na kuja kuiongoza mbele ya wenzake kwa maelezo ya Kiswahili, atakuwa amejifunza fasihi, lugha na adabu kwa wakati mmoja. Tena atakuwa ameikamata ile kamba kabla haijaponyoka.

Na kwa wenzangu wanaokwenda katika mazoezi ya kufundisha, nawakumbusha kwamba nyakati zimebadilika. Mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liliingia Gredi ya 10, ambamo Sanaa na Sayansi ya Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu. Karatasi sasa zinasema kwamba mwanafunzi apimwe kwa anachoweza kutenda. Lakini karatasi haichezi ngoma. Tukiingia katika madarasa hayo na wino wetu mwekundu na vicheko vyetu vya zamani, tutakuwa tumebadilisha jina la uwanja tu.

Hitimisho

Narudi kwenye methali niliyoanza nayo. Mcheza hawi kiwete, ngoma yataka matao. Sasa naisoma vingine. Nadhani ni kweli kwamba ngoma yataka matao, lakini methali haisemi matao hutoka wapi. Mwalimu yule alinionyesha kwamba hutoka kwa wenzako wanapokuitikia kwa nguvu kabla sauti yako haijapata nguvu, na kwa mwalimu anayekutafutia mahali katika mstari. Aliyekosa watu hao ndiye kiwete wa kweli, na aliyemfanya hivyo ni sisi.

Msichana wa kidato cha pili aliniletea insha moja ya mwisho kabla sijaondoka. Niliisoma yote kwanza bila kushika kalamu. Kisha nikamwandikia maswali mawili kuhusu hadithi yake, nikitumia katika maswali hayo maneno matatu aliyokuwa ameyakosea. Alinijibu kwa ukurasa mzima, na mawili kati ya matatu yalikuwa sahihi.

Kuhusu yule kijana wa mdahalo, huenda bado yumo chuoni, na huenda jarida hili likamfikia. Ndugu yangu, hoja yako ilikuwa ya kweli na hukuimaliza. Niliyekuzuia ni mimi, na kwa hilo nakuomba radhi hadharani, kwa kuwa nilikukosea hadharani. Kikao chetu kijacho nitaketi nyuma. Njoo uimalize, kwa Kiswahili chochote ulicho nacho, nasi tutakuitikia.